Chini ya Paa la Mwanawe

Mvua ya Birmingham haina haraka. Ilikuwa ikimnyeshea Mzee Bethuel taratibu, huku yeye amesimama kando ya barabara moja nyembamba huko Harborne, kofia kichwani, mikono nyuma, akiangalia mapaa. Mwavuli ulikuwa umening'inia kwenye mkono wake, umefungwa. Wenzake wote walikuwa ndani ya nyumba: Derrick, mwanawe wa pekee, Kwamboka, mke wa Derrick, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, na Pallavi, yule dada wa kampuni ya kuuza nyumba, mwenye funguo nyingi na subira iliyoanza kupungua.

Derrick alitoa kichwa mlangoni.

"Baba, ingia basi. Unalowa."

"Nimeshaiona."

"Umeona nini? Umeona mlango."

"Nimeona paa."

Derrick alitoka akainua macho. Aliona paa la vigae vya kijivu kama mapaa mengine yote ya mtaa ule.

"Paa lina nini?"

"Ni moja," alisema Mzee Bethuel, akinyoosha kidole kuanzia upande mmoja wa barabara hadi mwingine. "Linaanzia pale kwenye duka la chipsi, linakwenda mpaka kule kwenye baa, halikatiki mahali popote. Ukinunua hapa, hata mimi nikienda kupanga chumba juu ya lile duka la chipsi, bado nitakuwa nimelala chini ya paa moja na mke wako."

Derrick alijifuta maji usoni. Pengine yalikuwa ya mvua tu.

"Baba, hakuna mtu Uingereza hii anayehesabu mambo hivyo."

"Ndiyo maana nimekuja mimi."

Kwa watu wa Kisii jambo hili lina jina lake, linaitwa chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake. Mwana akishaoa, baba haingii nyumbani mwake. Anaweza kusimama uani akaita, akaletewa kiti, akala, akacheka, akakemea. Lakini kizingiti hakivuki, na kulala humo ndiko kabisa hakufikiriki. Kule Nyamira, alikozaliwa Mzee Bethuel, hakukuwa na ugumu wowote, kwa sababu palikuwa na ardhi. Nyumba ya baba ilikuwa juu ya mteremko, ya mwana chini, na migomba katikati. Hapa hapakuwa na migomba. Hapa watu wawili wasiojuana waligawana ukuta mmoja, kila mtu akapaka rangi upande wake.

Tangu Derrick aoe, Mzee Bethuel hakuwa amekanyaga ndani ya fleti yao ya kukodi huko Perry Barr. Aliwatembelea, ndiyo. Alipanda basi, akapanda lifti, akabisha hodi, akasimama kwenye korido. Kwamboka alimletea kiti na chai hapo hapo nje, na majirani walipita wakimsalimia wakidhani ni askari wa jengo.

"Tunaenda kuangalia nyingine," Derrick alimwambia Pallavi.

Pallavi alimtazama mzee, akatazama juu, akafunga mlango. Alikuwa hajaona mteja anayenunua nyumba kwa kuitazama kutoka ng'ambo ya barabara.

*

Mzee Bethuel hakuwa mtu wa kutojua nyumba za Waingereza. Alizisomea. Alipofika nchi hii na marehemu mkewe Kerubo, aliyekuwa nesi, yeye alipata kazi kwenye karakana ya mabasi, na kila jioni baada ya kunawa grisi alikwenda shule ya watu wazima. Mwalimu wao alibandika picha ukutani: hizi ndizo aina za nyumba wanazoishi Waingereza, mtakuja kuulizwa. Wenzake walinakili majina ya Kiingereza. Yeye alinakili, kisha akayapa ya Kiswahili, kwa sababu aliamini mtu hajajua kitu mpaka akiseme kwa maneno yake mwenyewe. Kulikuwa na nyumba za safu, zilizobanana mtaa mzima. Kulikuwa na nyumba pacha, mbili zilizogandana ubavu. Nyumba pweke, isiyoguswa na mtu. Bangalo, isiyo na ngazi. Na fleti. Alifaulu mtihani ule vizuri kuliko watu wenye nusu ya umri wake, na cheti chake kilikuwa bado ukutani, kwenye fremu, karibu na picha ya Kerubo.

Jambo moja mwalimu hakulionyesha kwenye picha zake: nyumba ambayo baba na mwana wanaweza kukaa karibu bila mmoja kumvunjia mwenzake heshima. Nyumba pweke ingefaa, lakini hizo walizipita kwenye basi tu, na bangalo lilipotokea lilinyakuliwa na wazee wenye magoti mabaya kabla Pallavi hajapiga simu.

Na muda ulikuwa umekwisha. Ghorofa ndefu alimoishi kwa miaka mingi ilikuwa inabomolewa. Majirani walikuwa wakihama mmoja mmoja, na kila mlango uliobaki wazi ulipigiliwa bati. Wote walitakiwa kuwa wametoka kufikia Pasaka. Ofisi ya nyumba ilikuwa imempa Mzee Bethuel chumba kwenye makao ya wazee, upande wa pili kabisa wa jiji, kwa basi, kisha basi jingine, kisha mlima. Alikwenda kukiona. Kilikuwa chumba safi. Mwanamke mmoja mwema alimwonyesha kamba nyekundu ya kuvuta akianguka. Mzee Bethuel aliitazama ile kamba akaona maisha yake yote yaliyobaki yakining'inia pale.

Alichotaka kilikuwa rahisi. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa njiani. Kwamboka alikuwa nesi kwenye ile hospitali kubwa karibu na Harborne, zamu zake zikibadilika kila juma; Derrick alikuwa fundi wa njia za reli, akiitwa saa yoyote. Mtoto angehitaji mtu wa kumshika, na mtu huyo alikuwa tayari kabisa, mwenye afya, mwenye nyimbo zake na hadithi zake. Alihitaji tu mahali pa kulala ambapo hapatamfanya aone haya mbele ya baba yake aliyeko kaburini.

"Yaani wewe, bwana," alisema Khatib, "unataka kufa peke yako kwa ajili ya vigae."

Khatib alikuwa Mzanzibari, jirani yake wa mlango wa pili na mwenzake wa mwisho kwenye ghorofa ile. Walikuwa wameketi sebuleni kwa Mzee Bethuel kati ya makasha ya kuhamia, wakinywa kahawa ambayo Khatib aliileta mwenyewe kwa sababu hakuiamini ya Wakenya.

"Si vigae. Ni heshima."

"Mie n'nakwenda kwa mwanangu Mwanamize wiki ijayo. Mumewe kaniambia, baba, chumba kile pale. Nikasema alhamdulillahi. Sikuuliza paa."

"Kwenu ni kwenu."

"Haya, nambie wewe msomi. Humu tulimo, juu kabisa kuna mapaa mangapi?"

Mzee Bethuel alitazama dari.

"Moja!" Khatib alipiga goti lake. "Na chini yake walikuwa wake za watu mia. Ukalala humu miaka yote hiyo, ukikoroma, mie nakusikia ukutani. Haya yako ilikuwa wapi?"

"Hao hawakuwa wakaza mwana wangu."

"Toba! Mzee wa Mapaa." Khatib alimwongezea kahawa. "Utakuja kuishi kwenye hema wewe, uwanjani, na nguzo yako mwenyewe."

Mzee Bethuel alikunywa kahawa kwa hasira, kwa sababu ilikuwa tamu, na kwa sababu hema lilikuwa limekwisha kumpitia akilini.

*

Jumamosi iliyofuata Pallavi aliwapeleka kwenye nyumba pacha, nyuma ya Uwanja wa Alexander, mtaa uliotulia wenye vijiti vya ua vilivyokatwa vizuri. "Hii pacha ni nzuri, Baba," Derrick alimwambia garini, kwa sauti ya mtu anayembembeleza ng'ombe kuvuka daraja. "Na gereji yake waliigeuza chumba. Ina mlango wake wa nje. Na ina paa lake, dogo, la chini. Nimekagua."

Mzee Bethuel aliizunguka nyumba yote kwa nje, kwanza kushoto, kisha kulia. Ilikuwa kweli. Ile gereji ilisimama ubavuni mwa nyumba kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake, na paa lake lilikuwa mbali, chini ya lile kubwa, likiwa na mfereji wake wa maji. Alisukuma mlango wake, akaingia. Kulikuwa na dirisha linalotazama ua, sinki ndogo, hita, na nafasi ya kitanda na meza. Aliona mahali pa kuweka cheti. Aliona mahali pa picha ya Kerubo. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi kifua chake kililegea, na akajikuta akisema kwa sauti, "Hapa sawa. Hapa naweza kukaa."

Ukutani kulikuwa na mlango mwembamba, akadhani ni wa kabati. Akaufungua ili aone nguo zake zitaning'inia wapi.

Ulikuwa mlango wa jikoni. Kwamboka alikuwa amesimama upande wa pili, mkono mmoja mgongoni, akifungua na kufunga droo. Wakatazamana uso kwa uso. Kwamboka aliinamisha macho upesi kama alivyofundishwa, na Mzee Bethuel akaufunga mlango kama aliyeungua.

"Derrick!"

Derrick alikuja mbio, Pallavi nyuma yake.

"Mlango huu uzibwe kwa matofali."

"Baba, ni mlango tu."

"Ni mlango, ndiyo. Unaniingiza jikoni kwa mke wako. Mlango huu ukiwepo, hiki si chumba changu, ni chumba cha nyumba yenu."

"Anasemaje?" Pallavi aliuliza. Derrick alimweleza kwa Kiingereza, kwa maneno machache, akiwa ameinamisha kichwa. Pallavi alifikiri kidogo. "Mama mkwe wangu," alisema, "angetaka uongezwe mlango wa pili."

Hakuna aliyecheka. Kwamboka alikuwa ametoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nje, akaja kusimama kwenye kizingiti cha gereji. Hakuwa na kawaida ya kusema na baba mkwe wake mambo ya ndani, na uso wake ulionyesha kwamba amejizuia mpaka pumzi imeisha.

"Tatabiara," alisema, kwa lile jina la heshima ambalo mke humwita baba wa mumewe, "naomba niseme."

"Sema, mwanangu."

"Uchungu ukinishika, na Derrick yuko kazini huko relini, nitakuita. Utasikia, kwa sababu ukuta huu ni mwembamba. Halafu utafanya nini? Utatoka nje na mvua, uzunguke nyumba, ubonyeze kengele, ungoje niteremke ngazi nije nikufungulie mlango? Nikiwa katika hali hiyo?"

Mzee Bethuel alifungua kinywa. Kwa desturi alikuwa na jibu la kila kitu. Watu wa karakana walimwita Profesa, na hakuwahi kuwakataza.

"Nitamuuliza Ombati," alisema mwishowe.

Ombati alikuwa kaka yake mkubwa, aliyebaki nyumbani. Neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika mambo ya ukoo. Akisema mlango ubaki, ungebaki, na lawama ingekuwa yake.

"Muulize leo, Baba," Derrick alisema. "Leo. Kuna familia nyingine inakuja kuiona Jumatatu."

"Mambo ya ukoo hayaendi kwa ratiba ya Pallavi."

Derrick aliupiga teke mguu wa hita, kisha akainama kuangalia kama ameuvunja. Pamoja na hasira zake zote, alikuwa mtoto aliyelelewa: hangeweka sahihi kwenye nyumba ambayo baba yake hajaikubali. Mzee Bethuel alilijua hilo. Ndilo lililomfanya ajivune, na ndilo lililomnyima usingizi.

*

Simu ya Ombati haikupatikana. Mzee Bethuel alipiga Jumamosi, akapiga Jumapili kabla ya ibada na baada yake. Yule mwanamke wa kwenye mtandao alimwambia kila mara, kwa adabu ile ile, kwamba mteja hapatikani kwa sasa, mpaka akatamani kumtukana. Jumatatu Derrick alimpigia asubuhi: "Amesemaje?" Jumanne akampigia tena: "Baba, wale wamependa. Wanaleta ofa yao. Niseme nini?" Mzee Bethuel alimwambia asubiri. "Nasubiri," Derrick alisema. "Nimekuwa nikisubiri tangu nioe," akakata simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumatano Khatib alikuwepo, akimsaidia kufunga vyombo kwa magazeti, simu ilipoita yenyewe. Ilikuwa Ombati, kwa video. Uso wake mpana ulijaza kioo.

"Bethuel! Naona umenitafuta. Simu ilianguka kwenye maji."

Walisalimiana kwa lugha ya kwao, wakaulizana magonjwa yote. Kisha Mzee Bethuel akaeleza: gereji, paa dogo, mlango wa jikoni. Alieleza kwa ufasaha, kama mtu anayejua kwamba kesi yake ni ngumu na ya heshima. Ombati alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Khatib hakuelewa neno hata moja, lakini macho alikuwa nayo.

"Nani huyo kamwekea chai?" Khatib aliuliza.

"Nini?"

"Huyo. Mkono wa mwanamke, na bangili. Umepita hapo. Na kochi hilo, bwana, la ngozi. Kaka'ko kashinda bahati nasibu?"

Mzee Bethuel aliisogeza simu karibu. Nyuma ya Ombati, mahali ambapo ungepaswa kuonekana ukuta wa samawati na kalenda ya kanisa, palikuwa na pazia refu na dirisha kubwa. Nje ya dirisha hapakuwa na migomba. Palikuwa na maghorofa.

"Ombati. Uko wapi?"

"Niko hapa Nairobi."

"Kwa nani?"

"Kwa Ronny." Ronny alikuwa mwanawe. "Tangu nilipofanyiwa operesheni ya jicho. Mkewe Beverly ananitunza vizuri sana. Beverly! Njoo usalimie Baba wa Birmingham!"

"Unalala wapi?"

"Kitandani, kwani wewe unalala wapi?"

"Ombati. Unalala ndani ya nyumba ya mwanao, na mkewe yumo?"

Ombati alikunywa chai kwanza.

"Bethuel, nyumba hii ni ya kukodi. Ronny analipa kodi tu, mwenyewe ni landilodi. Kwa hiyo siko nyumbani kwa mwanangu. Mimi ni mgeni wa landilodi."

"Hiyo ni hoja ya mtoto wa shule!"

"Imenisaidia kulala."

"Na kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii mimi nakunywa chai kwenye korido! Nimesimama kwenye mvua! Majirani wananidhania askari!"

"Hukuuliza," alisema Ombati kwa upole. "Ulikuwa ukiniuliza sheria, nami nakwambia sheria. Hukuniuliza nalala wapi. Huo mlango wako uache. Utahitaji chai ikiwa moto."

Mzee Bethuel alikata simu bila kuaga. Alisimama katikati ya makasha akizungukazunguka, akitafuta kofia iliyokuwa kichwani. Alikuwa na hasira na Ombati, na landilodi wa Nairobi asiyemjua, na mtu aliyevumbua gereji. Zaidi ya yote alikuwa na hasira na yule mzee aliyesimama Harborne akinyooshea vigae kidole. Watu wa nyumbani walikuwa wameliweka chini lile jambo alilokuwa amelibeba, na hakuna aliyekumbuka kumpigia simu.

"Kasemaje?" Khatib aliuliza.

"Amesema mlango ubaki."

"Basi si vizuri? Mbona umevimba?"

*

Alikwenda Perry Barr mwenyewe, kwa basi, kwa sababu neno kama hilo halisemwi kwenye simu. Njiani alilipanga. Asingesema amekosea; angesema kwamba ukoo umekaa, umefikiri, na umeruhusu.

Kwenye korido ya jengo la Derrick kulikuwa na sanduku refu la kadibodi limeegemezwa ukutani, na picha ya kitanda cha mtoto juu yake. Kwamboka alifungua mlango, akamwona, akageuka kwenda kuleta kiti kama kawaida.

"Acha kiti," alisema Mzee Bethuel. "Mwambie Derrick anunue. Ile ya gereji. Na ule mlango ubaki."

Kwamboka alisimama, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Imeenda, Tatabiara. Pallavi alipiga asubuhi. Wamechukua wale wengine."

"Imeenda?"

"Imeenda."

Mzee Bethuel aliyasikia yale maneno aliyoyapanga kwenye basi yakimwanguka moja moja. Angeweza kuvumilia kama Kwamboka angefoka. Lakini alikuwa amechoka tu, miguu imevimba ndani ya ndara, na akasema kwa sauti ya kawaida, "Acha nikuletee chai," kisha akakumbuka sanduku. "Na hili nalo. Mtu wa kuleta mizigo alikataa kuliingiza." Akainama, akashika pembe yake, akaanza kuliburuta. Lilisogea kidogo, likakwama kwenye kizingiti.

"Acha."

"Derrick atachelewa, na majirani watajikwaa."

"Acha, nimesema."

Alilishika upande wake. Lilikuwa zito, lakini alikuwa amebeba gia za mabasi. Alilisimamisha, akalitia begani, na akajikuta uso kwa uso na ule mlango.

"Kwamboka. Nyumba hii ni ya nani?"

"Ya kukodi, Tatabiara. Unajua."

"Mwenyewe si Derrick."

"Si Derrick."

"Hata kidogo."

"Hata tofali moja."

"Vizuri," alisema Mzee Bethuel, na akaingia. Kusema kweli sanduku ndilo lililotangulia, yeye alilifuata.

Alipita ukumbi mdogo, akaingia sebuleni, akalitua. Ndipo alipoinua macho, na kwa mara ya kwanza akaona mahali mwanawe anapoishi.

"Jiko liko sebuleni!"

"Ndivyo wanavyojenga siku hizi."

"Mtu anakaanga samaki kwenye kochi?" Alizunguka. "Na dirisha hili halifunguki. Na dari! Derrick ni mrefu. Mnaishi hivi?" Alikuwa hajavua koti. "Mwalimu hakutuonyesha hii."

"Kitanda ni cha chumbani," Kwamboka alisema kwa uangalifu. "Chumba ni kile pale, mlango wa mbele yako."

Mzee Bethuel alitazama ule mlango wa chumba cha kulala, ng'ambo ya ukumbi, kisha akatazama pembeni.

"Huko sifiki. Landilodi au si landilodi. Nitakiunga hapa hapa."

Alipiga magoti kwenye zulia. Karatasi ya maelekezo haikuwa na neno hata moja, picha tu za mtu mwenye kichwa cha duara anayetabasamu. Mtu aliyejifunza kusoma Kiingereza kwa shida, usiku, baada ya kazi, sasa alipewa karatasi isiyosomeka. Aliunga upande, akakuta ameupindua, akaufungua. Skrubu zilijificha ndani ya zulia. Alikemea mbao kwa Kiswahili, na skrubu kwa Kikisii, na karatasi kwa Kiingereza. Kwamboka alimwekea chai mezani, mbali kidogo, akarudi kukaa karibu na dirisha. Mara moja alitazama upana wa kitanda kinachokua pale chini, akatazama mlango wa sebule, akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno. Hakulisema. Alichukua sufi yake akaanza kufuma.

Derrick aliporudi, koti la njano la relini bado mwilini, alifika mpaka mlango wa sebule akaganda. Baba yake alikuwa amepiga magoti sebuleni mwake, bisibisi mkononi.

"Baba?"

"Usisimame mlangoni, unaingiza baridi."

Derrick alimtazama mkewe. Kwamboka hakuinua uso kutoka kwenye sufi.

"Nyumba imekwenda," alisema Derrick.

"Nimesikia." Mzee Bethuel alikaza skrubu ya mwisho kwa nguvu zaidi ya ilivyohitaji. "Nilichelewesha mimi. Haya, shika upande huo, tukitoe ukumbini, chumbani ukivute mwenyewe. Mimi naishia ukumbini."

Derrick alishika. Walikiinua, wakafika mlangoni, kitanda kikagonga fremu. Walikigeuza kwa ubavu, kikagonga kwa miguu. Walikisimamisha wima, kikakwama kwa upana. Mzee Bethuel alishika upande wa nyuma akitoa amri, "Kulia! Si kulia hiyo, kulia yangu!" mpaka rangi ya fremu ikachubuka na Derrick akakiweka chini.

"Hakipiti. Itabidi tukifungue."

"Hakifunguliwi!" alinguruma Mzee Bethuel. "Nimepiga magoti jioni nzima! Hakifunguliwi na mtu yeyote!" Alikaa kwenye kochi kwa kishindo, na kofia yake ikaanguka, na hakuiokota. Ghorofa yake inabomolewa. Nyumba ya gereji imechukuliwa. Na sasa hata kitanda cha mtoto, kitu kidogo kuliko vyote, alikuwa amekiunga mahali pasipofaa.

"Basi kibaki hapo," alisema Kwamboka.

Wote wawili walimgeukia.

"Kibaki sebuleni. Kwani kwetu mtoto analala wapi akishaacha ziwa? Si kwa babu yake?" Alikuwa akisema na sufi. "Babu na mjukuu hawaoneani haya. Hakuna sheria inayowakataza. Kochi hilo linakunjuka likawa kitanda. Mlango wa sebule unafungwa. Hii ikiwa nyumba ya babu na mjukuu, basi sisi ndio majirani, kule ng'ambo ya ukumbi. Mpaka tupate nyingine."

Nje basi lilipita. Mzee Bethuel alilipima jambo hilo kutoka kila upande, akitafuta mahali litakapomvunjikia, kama alivyozoea kupima kila kitu. Paa lilikuwa moja, hilo halikupingika. Lakini juu yao palikuwa na watu wengine, na juu ya hao wengine, na paa lenyewe lilikuwa mbali huko juu, mali ya mtu asiyemjua.

"Na jiko?" aliuliza hatimaye. "Jiko liko humu."

"Ndiyo, Baba," alisema Derrick. "Jiko liko humu."

"Basi mkitaka kupika mtapiga hodi."

"Nipige hodi niingie jikoni kwangu?"

"Jikoni kwako kuko sebuleni kwangu. Nani aliyejenga hivi, mimi?" Aliokota kofia, akaiweka gotini. "Na dirisha hilo mwambie landilodi alitengeneze. Na Jumamosi mnipeleke nikaone hizo nyumba nyingine, na safari hii nitaingia ndani, kwa sababu nyinyi hamjui kuangalia nyumba."

Derrick alikaa juu ya lile sanduku tupu akafunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Kwamboka aliinuka, akajishika mgongo, akatoka mpaka ukumbini na kuufunga mlango wa sebule nyuma yake.

Mzee Bethuel alifungua kiganja. Skrubu tatu zilikuwa zimebaki, na hakuwa na habari zilikopaswa kuingia. Alizitia mfukoni haraka kabla Derrick hajaziona, akavuta koti vizuri, akakaa wima.

Mlangoni palibishwa.

"Hodi," ilisema sauti ya Kwamboka. "Naomba kuingia nipike."

Alimwacha angoje kidogo, kama inavyostahili.

"Karibu," alisema.